Zao linalongoja na zao lisilongoja

Mwezi wa nane ukifika Kigumba, kwetu Uganda, hakuna stori nyingine, ni mahindi tu. Malori yamepanga kando ya barabara ya Gulu tangu alfajiri, vijana wa kubeba gunia wamekaa karibu na mizani wakingoja kazi, na lugha ni Kiswahili kwasababu pale kuna Waalur, Walugbara, Wachope, Waacholi na watu ambao wazazi wao walitoka Kenya zamani, sasa bila Kiswahili bei haipatikani. Miaka michache iliyopita nilifika hapo na mama yangu tukiwa na gunia kumi na moja kwa pikapu ya kukodi. Mnunuzi akafungua gunia moja, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko maana anajua ya juu huwa ndo kavu, akatoa punje tatu nne, akaweka moja kwa meno akauma.

"Mama, hii iko na maji bado."

"Mwanangu, imekaa kwa turubai siku nne."

Akauma nyingine. "Mia sita kwa kilo. Kama hutaki, rudisha ukaanike tena."

Mama aliangalia yale magunia, akaangalia mbinguni upande wa Masindi ambako wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi, halafu akasema, pima. Shule zilikuwa zinafungua baada ya wiki mbili, mdogo wangu wa kike hakuwa amelipiwa karo, mwenye mashine ya kupukuchua alikuwa anadai pesa yake, na nyumbani hatuna chumba ambacho gunia kumi na moja zinaweza kukaa panya wasizile. Kufika mwezi wa pili mahindi yaleyale, pale pale Kigumba, yalikuwa yanauzwa elfu moja na mia moja. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na naona kilimo chetu cha Uganda hatukielewi vizuri kwasababu tunakipanga kwa makundi ambayo hayatuambii kitu cha maana.

Shuleni tulifundishwa kwamba kuna kilimo cha kujikimu, kuna kilimo cha biashara, kuna mashamba makubwa ya zao moja, kuna ufugaji wa kuhamahama, kuna ufugaji wa ranchi, kuna kilimo cha kuchanganya mazao na mifugo, unakariri, unajibu mtihani, imeisha. Na serikali nayo inaongea hivyohivyo. Rais Museveni amesema miaka mingi kwamba watu waache kulimia tumbo peke yake waingie kwenye uchumi wa pesa, na takwimu ambayo viongozi walikuwa wanaitaja kila mara wakianzisha mpango wa parokia, yaani pesa ya kukopesha kaya kupitia parokia, lile eneo dogo la utawala, ni kwamba asilimia 39 ya kaya za nchi hii bado zilikuwa kwenye uchumi wa kujikimu. Sasa mimi nauliza, mama yangu yuko kundi gani? Ana mahindi ekari mbili ambayo karibu yote yanauzwa. Katikati ya mahindi kuna maharage, nusu tunakula nusu anauza. Nyuma ya nyumba kuna mihogo ambayo haijawahi kuuzwa hata siku moja. Ana mbuzi wawili, kuku wa kienyeji, na migomba michache. Ukimwita mkulima wa kujikimu umekosea, na ukimwita mfanyabiashara pia umekosea, na ukitembea kutoka Arua mpaka Kisoro utakuta kaya nyingi sana ziko hivyo hivyo, yaani aina zote za kilimo zile tulizokariri zimejaa kwenye boma moja.

Kwangu mimi kitu kinachotenganisha kilimo kimoja na kingine ni swali moja: hili zao linaweza kungoja? Na mwenye zao, yeye anaweza kungoja? Ukishika hilo swali utaona mambo mengi yanajipanga yenyewe, kuanzia viwanda vya sukari mpaka ng'ombe wa Karamoja.

Anza na muhogo. Muhogo ukishakomaa unaweza kuuacha ardhini miezi mingi tu, aina zingine hata zaidi ya mwaka, unachimba siku unayotaka kula. Ni ghala ambayo haihitaji ukuta wala kufuli. Wakoloni waliliona hilo mapema, ndo maana walilazimisha watu kupanda muhogo wa akiba ya njaa na kila nyumba kuwa na ghala la nafaka, na chifu alikuwa anapita kukagua. Sisemi ukoloni ulikuwa mzuri, ulikuja na kodi na viboko, lakini kwenye hili walijua kwamba nyumba isiyo na kitu cha kungojea inaanguka kwa msimu mmoja mbaya. Na watu wa Teso na Acholi walikuwa na hayo maghala yao kabla hata chifu wa kikoloni hajaambiwa, edula kwa Wateso, dero kwa Waacholi, limesukwa kama kapu kubwa, limeinuliwa juu ya miti, lina kofia ya nyasi. Vita vilipoingia kaskazini ng'ombe wakaibwa kwa maelfu, halafu watu wakasukumwa kambini, na huko kambini hakuna mtu aliyejenga dero. Waliporudi nyumbani walirudi kwenye ardhi yao lakini ule uwezo wa kuweka ulikuwa umekwisha, na ng'ombe ambaye mtu angemuuza siku ya shida hakuwepo. Vijiji vingi mpaka leo mtu anavuna simsim au soya anauza hapohapo shambani. Halafu anakuja mtaalamu kutoka Kampala anawaambia walime kibiashara zaidi. Kwani kuuza kila kitu siku ya kuvuna si ndo biashara tayari?

Sasa njoo upande wa pili, mazao ambayo hayangoji kabisa. Hapa nitakaa kidogo kwasababu hapa ndo maisha ya watu wengi yamefungwa.

Muwa ukishakatwa, sukari inaanza kupotea, ukikaa siku mbili tatu juani kwenye lori umepoteza uzito na umepoteza utamu. Majani ya chai yakichumwa asubuhi yanatakiwa kiwandani siku hiyohiyo. Michikichi ya Kalangala, yale mashada mekundu, yakikaa mafuta yanaharibika. Maziwa tusiseme. Hii ndo sababu mazao haya yanazaa mashamba makubwa yenye kiwanda katikati, siyo kwamba mwekezaji anapenda tu ardhi kubwa, ni kwamba mashine haiwezi kukaa bila kazi na zao haliwezi kungoja mashine. Lugazi kiwanda cha sukari kilianza 1924, Kakira 1930, na vyote vilianza na shamba lao wenyewe, baadaye wakaongezeka wakulima wa nje, wale wanaolima miwa kwenye ardhi yao na kuiuzia kiwanda. Kwa karatasi huyo mkulima wa nje ni mkulima huru wa biashara. Kwa ukweli ana mteja ambaye hawezi kumkimbia, maana muwa wake hauwezi kusafiri mbali na hauwezi kukaa.

Nenda Busoga uone. Muwa unachukua kama mwaka na nusu kukomaa. Mtu ana ekari mbili au tatu, bei ikiwa juu anapanda yote, mpaka karibu na mlango wa nyumba, mahali palipokuwa na viazi vitamu, na migomba inang'olewa. Miezi kumi na nane hiyo watoto wanakula nini? Ananunua posho, yaani unga wa ugali, sokoni kwa pesa ambayo bado hajaipata, kwahiyo anakopa, na anayemkopesha mara nyingi ni yule yule mtu mwenye lori la miwa, au anamkodisha shamba lenyewe kwa misimu kadhaa kwa pesa inayoisha ndani ya mwezi. Ukifika wakati wa kukata unahitaji kibali cha kiwanda, na mwenye marafiki anapata mapema, asiye na mtu muwa wake unapita muda wake, unakauka shambani. Bei nayo inapanda na kushuka vibaya sana, mwaka mmoja tani inalipa vizuri mpaka kila mtu anapanda, miaka miwili baadaye inaanguka wakati wote wanavuna pamoja. Sheria ya sukari ya 2020 ilibishaniwa muda mrefu, swali kubwa likiwa kama viwanda vigawiwe maeneo au mkulima achague wa kumuuzia. Lakini hata ukiwa na viwanda vitatu jirani, kama umeshakula pesa ya mwenye lori huna cha kuchagua.

Ninachotaka kusisitiza hapa ni kwamba familia ile ya Busoga imefanya kila kitu iliyoambiwa. Imetoka kwenye kujikimu. Imeingia kwenye uchumi wa pesa asilimia mia. Na imekuwa maskini zaidi, kwasababu imeng'oa vitu vinavyongoja ikapanda kitu kimoja kisichongoja.

Chai inatupa mfano mwingine na mimi naupenda. Viwanda vya Igara na Kayonza huko magharibi vilikuwa vya shirika la umma, halafu wakati wa ubinafsishaji miaka ya 1990 vikachukuliwa na wakulima wenyewe kwa hisa. Chai bado haingoji, hilo halibadiliki, lakini mtu anayechuma ana sehemu yake kwenye mashine inayopokea. Siyo peponi, bei ya majani imewahi kuanguka mpaka watu wakaacha kuchuma kabisa, lakini mkulima akiwa na hasira ana mkutano wa wenye hisa wa kwenda kusimama na kuuliza, tofauti na mwenzake wa miwa ambaye anabaki kulia kwenye geti.

Maziwa pia. Zamani Ankole maziwa yaliyozidi yalikuwa yanasukwa kuwa samli, na samli inakaa, inasafiri, unaweka. Ng'ombe mwenyewe wa pembe ndefu anatoa maziwa kidogo lakini anastahimili kiangazi na magonjwa. Sasa Kiruhura, Kazo na Mbarara watu wameingiza Friesian, ng'ombe wa kigeni wa maziwa mengi, mashine za kupoza maziwa ziko kila senta, na kwa kweli maisha ya wengi yamebadilika, mabati yamejengwa, watoto wamesoma. Ila angalia kinachotokea mvua zikija na majani yakijaa, kila mtu anakamua mengi siku moja na bei inashuka kwasababu maziwa ya leo hayawezi kuuzwa kesho kutwa. Au mwanzo wa 2020 Kenya ilipoanza kuzuia maziwa ya Uganda, habari ilikuwa ya mpakani lakini maumivu yalifika hadi kwa mtu mwenye ng'ombe wanne ambaye hajawahi kuona Malaba. Na Friesian akipata kupe wenye ndigana unampoteza ndani ya siku chache, huku dawa za kuogesha zikiwa zimezoeleka na kupe maeneo mengi, haziwaui tena. Kwahiyo huyo ng'ombe ni tajiri lakini hangoji, yule wa pembe ndefu ni maskini lakini anangoja, na wafugaji wenye akili niliowaona wanaweka wote wawili kwenye boma moja hata kama afisa mifugo anawaambia wachague.

Karamoja watu wanawaita wafugaji wa kuhamahama kana kwamba wanatembea bila mpango. Kule mvua inanyesha huku inaruka kule, mtama unaweza kufa wote kwa mwaka mmoja, na ng'ombe ndo chakula pekee chenye miguu ya kuifuata mvua. Ukimlazimisha mtu wa Kotido akae mahali pamoja alime tu, umemnyang'anya uwezo wake wa kungoja mwaka mbaya upite.

Kigezi ni vilevile kwa namna yake. Mtu wa Kabale ana vipande vitano sita, kimoja bondeni, kimoja katikati ya kilima, kingine juu kabisa, na wataalamu wanasema huo ni upotevu, aunganishe. Lakini mvua ya mawe ikipiga juu, viazi vya chini vinapona, na mafuriko yakija chini, mtama wa juu unabaki. Nakubali vipande vimekuwa vidogo mno siku hizi, hapo kuna shida ya kweli ya ardhi, ila kutawanya kwenyewe kulikuwa na sababu.

Nirudi kwa kahawa, maana huwezi kuandika juu ya kilimo Uganda ukairuka. Robusta ni yetu ya asili, mpaka leo iko mwituni kwenye msitu wa Kibale, na Waganda walikuwa wanagawana punje za kahawa kwenye kiapo cha undugu wa damu muda mrefu kabla mzungu yeyote hajaja kuinunua. Arabika iko Bugisu kwenye mlima Elgon, Rwenzori na Zombo huko Nile Magharibi. Mwaka wa fedha wa 2023/24 tuliuza nje zaidi ya magunia milioni sita ya kilo sitini na pesa ikapita dola bilioni moja kwa mara ya kwanza. Ni zao zuri kwa mtu mdogo kwasababu kahawa inangoja. Ukianika vizuri kiboko, yaani ile iliyokauka na maganda yake, inaweza kukaa kwenye gunia chini ya kitanda miezi mingi, unakoboa kidogo kidogo unauza kase, yaani iliyokobolewa, ukihitaji pesa. Wazee wengi wa Masaka walisomesha watoto hivyo.

Na hapohapo kwenye zao linalongoja ndo utaona kwamba mwenye zao naye lazima aweze kungoja. Kuna kitu kinaitwa kuuza maua. Kahawa ikitoa maua meupe, bado miezi karibu kumi kabla ya kuvuna, mtu mwenye pesa anapita, anaangalia miti, anakukadiria utapata gunia ngapi, anakupa pesa leo kwa bei ya chini kabisa, na mavuno ni yake. Haikubaliwi kisheria lakini inafanyika kila mwaka, kwasababu mtoto anaumwa leo na maua yapo leo. Bei ya dunia ikipanda, na hii miaka ya karibuni imepanda sana kweli, aliyeuza maua anasimama pembeni ya shamba lake akiangalia watu wengine wakivuna. Novemba 2024 Bunge lilipopitisha mamlaka ya kahawa ya UCDA, iliyokuwepo tangu 1991, irudishwe wizarani, wabunge walifikia mpaka kupigana ukumbini. Mimi nilikuwa upande wa waliotaka ibaki, kwasababu ubora wa kahawa yetu ulijengwa kwa kazi ndefu na sioni sababu ya kuuchezea. Lakini kwenye mabishano yote yale ya wiki nyingi sikumsikia mtu akisimama kuongelea maua.

Vanila ilituonyesha jambo hilo hilo kwa kasi. Bei ilipolipuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya Madagascar kupigwa na kimbunga, wezi waliingia mashamba ya Mukono na Kayunga usiku, wakulima wakalala shambani na mapanga, halafu kwa kuogopa wizi wakaanza kuchuma maganda yakiwa bado mabichi. Vanila isiyokomaa haina harufu. Wanunuzi wakashusha bei, jina letu likachafuka, na ikabidi wizara iwe inatangaza tarehe ya kuvuna ili watu wangojeane.

Na siyo jambo la jana. Pamba ililetwa 1903, Kenneth Borup wa Uganda Company akagawa mbegu kupitia machifu, na watu walilima kwa sehemu kubwa kwasababu kodi ilitakiwa kwa pesa taslimu na pamba ndo ilikuwa njia ya kuipata. Uliuza ulipoambiwa, kwa bei uliyoambiwa. Ghasia za Buganda za 1949, moja ya madai makubwa ya watu ilikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe na kuuza mazao yao bila kupitia mkono wa serikali. Fikiria, wakulima wasio na shule waliona wazi kwamba shida iko kwenye kinu na ghala, hawakuomba majembe. Vyama vya ushirika vilijengwa kwa nguvu hiyo, cha Bugisu kilianza 1954 na bado kipo, lakini vingi vilikufa kwa vita, kwa wizi wa viongozi wake na kwa soko huria lililofunguliwa kwa haraka, na maghala yao mengi leo yamekodishwa au paa limeng'olewa.

Sasa, mpango wa parokia ulizinduliwa Kibuku mwezi wa pili 2022, milioni mia moja kwa kila parokia, kaya inapata milioni moja kwa riba ya asilimia sita na muda wa kupumua miaka miwili. Siupingi. Nimeona jirani akinunua nguruwe watatu na sasa ana zizi. Kabla yake kulikuwa na NAADS, mpango wa serikali wa ushauri wa kilimo, wa 2001, halafu wanajeshi wa Operation Wealth Creation 2013 wakagawa miche. Ukiviangalia vyote vinafanana, vinatia pesa kwenye kuzalisha. Mbegu, miche, nguruwe, kuku. Na ule mfano wa ekari nne ambao Rais anausema sana, moja kahawa, moja matunda, moja majani ya mifugo, moja chakula, kwa mtu mwenye ekari nne ni ushauri mzuri kabisa na una ile hekima ya kuchanganya. Ila wengi hawana hizo ekari nne, na hata mwenye nazo akivuna Agosti pamoja na kijiji kizima, bei itakuwa ya Agosti.

Angalieni kalenda. Muhula wa tatu unaanza mwezi wa tisa, mahindi ya msimu wa kwanza yanavunwa mwezi wa saba na wa nane. Muhula wa kwanza unaanza mwezi wa pili, mavuno ya msimu wa pili yanaisha mwezi wa kwanza. Mara mbili kwa mwaka karo inadaiwa watu wakiwa wametoka tu kuvuna wote pamoja. Kuna shule zinakubali mzazi alete mahindi na maharage kama sehemu ya karo, kwasababu wanafunzi si watakula posho na maharage muhula mzima, na mimi naona hilo lingefaa kuwa jambo la kawaida kwa kila shule ya kijijini, kwa bei ya katikati ambayo wilaya inaitangaza, badala ya mama kuuza kwa mia sita halafu mwalimu mkuu anunue kwa dalali kwa elfu moja.

Tuna sheria ya stakabadhi za ghala tangu 2006. Unapeleka mahindi kwenye ghala lililosajiliwa, yanapimwa, yanasafishwa, unapewa karatasi, na hiyo karatasi unaweza kuipeleka benki ikakukopesha leo huku mahindi yanangoja bei. Wazo zuri kuliko mengi niliyoyasoma. Lakini maghala ni machache, yako mbali, na mtu mwenye gunia kumi na moja akilipa usafiri wa kwenda na kurudi faida imekwisha. Kama pesa ya parokia kidogo tu ingejenga ghala moja la kawaida kwa kila parokia mbili tatu, na kikaushio, na kipimo cha unyevu, hapo milioni moja ya mtu ingeanza kufanya kazi.

Unyevu siyo jambo dogo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ikafungua tena baada ya siku chache kwa masharti, lakini siku hizo chache malori yalilala Busia na bei vijijini ikaanguka. Watu walikasirika wakasema ni siasa, na labda siasa ilikuwemo, lakini ukungu ule unakuja kweli kwenye nafaka iliyowekwa na maji, na ni sisi wenyewe tunaokula kila siku. Nafaka ya kuweka inatakiwa isizidi asilimia 13.5 za unyevu. Meno ya mnunuzi hayajui asilimia, na hata yakijua, mwenye meno ndiye anayenunua.

Sisi pale kwetu kipimo tulichonacho ni chupa. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia chumvi kavu kidogo, unajaza mahindi mpaka theluthi, unafunga, unatikisa vizuri, unaiacha kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji. Kama kioo kimebaki safi, unaweza kuweka. Mama alifundishwa na mwanamke mmoja wa kikundi, na tangu siku hiyo hapeleki gunia Kigumba kabla chupa haijasema.

Kikundi chenyewe ni nyumba tisa. Walichanga wakakodi chumba kimoja cha matofali cha mzee mmoja jirani, wakapanga mbao chini ili gunia zisiguse sakafu, wakanunua mifuko ile ya plastiki ya ndani inayozuia hewa, na kila mtu anaweka gunia tatu tu, mengine anauza kama kawaida kwasababu shida hazingoji. Msimu wa kwanza mtu mmoja alitoa zake baada ya wiki tatu, mume alikuwa hospitali, wakamwachia. Wengine nane walifika mwezi wa pili. Mwenye lori alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akazamisha mkono ndani ya gunia, akauma punje, na mama yangu akamletea ile chupa, akaiweka juu ya gunia mbele yake.

"Mama, mnataka ngapi?"

Nilikuwa nimesimama pale. Katika miaka yangu yote ilikuwa mara ya kwanza kusikia mnunuzi anauliza hilo swali.